Ufito wa Mkole

Mwezi uliopita tulimzika Mama hapa Bugene, nyuma ya migomba, na siku zote za matanga nyumba yangu haikukauka watu. Mimi nilikaa ndani, mgongo ukutani, kichwa nimekifunika, nikihesabu tasbihi bila kujua nimefika wapi. Nje ya ukuta walikaa wanawake wawili wa kule madukani wakimenya ndizi, na hawakujua kwamba ukuta wangu ni mwembamba. Mmoja akauliza, "Huyu marehemu alikuwa mama yake mzazi?" Mwenzake akasema, "Mzazi wapi! Mkwewe huyo." "Na huyo mume mwenyewe yuko wapi, mbona hata kaburini hakuonekana?" "Hajulikani. Wanasema alikimbia harufu ya samaki." Wakacheka kwa kujibana, kama watu wanavyocheka msibani. "Ee, wanaume! Wa kwangu mimi hakimbii hata harufu ya kwapa lake."

Sikukasirika. Nilicheka na mimi kidogo chini ya kitambaa, Mungu anisamehe. Lakini yale maneno yamekaa nami, na kwa kuwa Bi Mwanaidi, mke wa mwenye duka, alinifundisha kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima tayari, jioni baada ya magharibi, kwenye baraza yake ya nyuma, nimeona nichukue kalamu niandike mwaka ule mmoja ulivyokuwa. Ni kweli alikimbia harufu ya samaki. Ila aliyesema vile hajui ilivyokuwa, na binti yangu Nyamwiza, ambaye sasa ana watoto wake, hajawahi kunisikia nikisimulia mpaka mwisho. Kila nikifika mahali fulani huwa nasema ngoja niangalie jiko.

Tulikaa Kyerwa wakati huo, juu ya bonde ambamo mto Kagera humwaga maji yake kwenye mafunjo na kuacha ziwa dogo. Nilikuwa nimeolewa na Katabaro kwa miaka miwili, na Nyamwiza alikuwa hajaota hata jino. Nyumba yetu ilikuwa msonge wa nyasi, na chini tulitandaza nyasi laini ambazo Mama, mama yake Katabaro, alizibadilisha mwenyewe kila zilipoanza kunyauka, hakuniruhusu hata kumsaidia. Upande wa kushoto ukiingia palikuwa na jukwaa la vibuyu vya maziwa. Mpaka leo nikifumba macho nasikia harufu ya vile vibuyu, moshi wa majani aliyokuwa akivifukizia na kale kauchachu ka maziwa ya jana. Nimekaa katika nyumba nyingine tangu hapo, na hii ya sasa ina mlango wa mbao na kufuli, lakini nikiota niko nyumbani, naota niko mle.

Huo ndio mwaka ambao sotoka ilipita. Ng'ombe walikuwa wakisimama asubuhi wanatokwa machozi, jioni wamelala, na baada ya siku chache zizi lilikuwa kimya. Katabaro alibakiwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, mwekundu mweusi hivi, na ndama wake jike. Alihamishia kitanda chake karibu na mlango ili awasikie wakipumua. Maziwa ya Bihogo yalikuwa kikombe kimoja kwa siku, na kikombe hicho alipewa Mama, maana meno yalikuwa yameisha na hakuweza kula kingine. Mimi na Katabaro tulikula majani na maboga tuliyopewa na wakulima, mpaka wakulima nao wakaacha kutoa. Nilianza kuona Nyamwiza akivuta ziwa langu, anaachia, ananitazama.

Katabaro akasema atampeleka Bihogo ng'ambo ya Kagera, kwa mjomba wake, ambako tulisikia ugonjwa umepita na kuna dume. Nikamuuliza na sisi je. Akasema, "Mama hawezi kutembea. Wewe una mtoto. Nitakwenda, nitarudi." Nilikuwa nimewaona wanaume watatu wa bonde lile wakienda hivyo hivyo na hakuna aliyerudi. Nikamwambia, "Ngoja mwezi mpya uandame. Kule chini ziwani kuna kambare wakubwa. Tukipata hata mmoja kwa wiki, tutabadilishana na ndizi kwa watu wa migombani. Hakuna atakayehitaji kwenda popote." Akageuka akalitazama zizi. Mtu wa ng'ombe hali samaki. Kwetu ilikuwa kwamba aliyekula samaki haruhusiwi kuonja maziwa wala kuligusa zizi mpaka zipite siku nne, la sivyo chuchu za ng'ombe zitakauka na ng'ombe mwenyewe atakufa. Mwisho akasema, "Kumvua si kumla. Haya. Mpaka mwezi mpya."

Kule ziwani mitego ya kusuka ilikuwa ya watu wa ukoo mmoja, waliozaliwa humo, na mgeni hakuruhusiwa kutega. Mgeni alivua kwa ufito na ndoana akiwa ukingoni, basi. Na kambare wa ziwa lile hakuwa samaki wa mchezo. Waliwahi kumtoa mmoja ambaye walimbeba wanaume wawili kwa mti, mkia unaburuta. Unaweza kukaa ukingoni siku kumi hujamwona, siku ya kumi na moja akaja na kukunyang'anya kila kitu. Aliyekuwa akichonga fito za kumvulia alikuwa mzee mmoja wa ukoo ule, Kashaija, mwembamba, mwenye mdomo mkali. Tulimkuta mbele ya nyumba yake akipitisha ufito juu ya moto ili kuunyoosha. Nikapiga magoti nikamwamkia. Katabaro alisimama.

"Karibu, bwana wa ng'ombe," Kashaija akasema. "Sikujua kwamba mnajua njia ya kuja huku chini. Siku zote nawaona mko kule juu mnatupa mgongo."

"Nataka ufito," Katabaro akasema.

"Wa kuchungia au wa kuvulia?"

Akatoa fito tatu, akaziegemeza ukutani. Wa kwanza ulikuwa wa mwanzi, wa manjano, umeletwa na wasafiri kutoka nchi za milimani, mrefu na mwepesi hata ukatamani kuimba. Huo alitaka mbuzi jike, na sisi mbuzi hatukuwa naye. Wa pili ulikuwa wa mushambya, mti mgumu, umenyooka kama mstari, umepakwa mafuta unang'aa. Huo alitaka jembe. Wa tatu ulikuwa wa mkole, umepinda katikati, gome limebaki mahali pengine, ncha nyembamba kama mkia wa panya. Kwa huo akasema, "Nipeni chochote. Hakuna anayeutazama mara mbili."

Na mume wangu, ambaye kwa macho yake angeweza kumjua ndama mgonjwa akiwa ng'ambo ya bonde, akauchukua ule wa mushambya. Aliufumbia jicho moja akautazama kutoka shina mpaka ncha. Akaugongesha kwenye kiganja. Akaupiga hewani mara mbili, kama anayemrudisha ng'ombe njiani. Kisha, mbele ya yule mzee, akausimamisha chini, akainua mguu mmoja akaukanyagisha kwenye goti la mwingine, akauegemea. Ukambeba. Akatabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu zizi liliponyamaza.

Kashaija alicheka mpaka akakohoa. "Unamchagulia samaki au dume? Mtu wangu, huko majini hakuna wa kumpiga!"

"Kitu kikali kinahitaji kitu kigumu," Katabaro akasema.

"Haya. Lete jembe."

Mimi nilikuwa nimeushika ule wa mkole. Niliupinda ukapinda, nikauachia ukarudi polepole, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Nilitaka kusema. Lakini alikuwa ametabasamu, na nilikuwa mke wa miaka miwili, nikaona nisimharibie. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko dhambi nyingi nilizozitenda. Tukatoa jembe letu la pekee.

Siku saba alikaa ukingoni na ule ufito wa mushambya. Mkononi alifunga jani la mgomba ili asiguse utelezi wa samaki. Mimi nilikaa nyuma yake na Nyamwiza mgongoni. Siku ya saba mchana maji yakajikunja, mshipi ukakaza, na Katabaro akasimama akavuta kama anavyovutwa ndama kutoka kwa mama yake, kwa mgongo wote. Ufito haukupinda hata kidogo. Ulisimama imara, kama ulivyoahidi. Kambare akatoka nusu nje ya maji, nikaziona ndevu zake na kile kichwa kipana kama ungo, akajipiga mara moja, na mshipi ukakatika kwa sauti ya kijiti kinachovunjika. Maji yakatulia. Katabaro alibaki ameshika ufito wake ulionyooka. Tulipopanda mlima nyumbani alikuwa akiutumia kutembelea.

Jioni ile nilimweleza Mama. Alikuwa amelala kwenye nyasi, kikombe cha maziwa hajakimaliza, alikuwa na tabia ya kubakiza ili nimlambishe Nyamwiza kwa kidole. Akanisikiliza. Kisha akaingiza mkono nyuma ya jukwaa la vibuyu akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani, ndani yake samli, samli ya mwisho ya ng'ombe ambao sasa walikuwa mifupa. Alikuwa ameiweka ya kumpaka mjukuu. "Nenda nayo kwa yule mzee," akasema. "Mwanangu anajua ng'ombe. Hili usimwachie."

Nilikwenda asubuhi. Kashaija hakuitaka samli, ila mkewe Nyakato aliposikia harufu alitoka ndani anafuta mikono. Akachovya kidole, akajipaka shingoni, akafumba macho. Mumewe akamwambia, "Wewe mwanamke, hiyo ni bei ya ufito." Akamjibu bila kufumbua macho, "Nanuka bwawa tangu uliponiposa. Acha leo ninuke kama mke wa mwenye zizi. Mpe huyo dada ufito wake, na mshipi mpya, na usimcheke." Kashaija akanipa, na kwa kuwa mkewe alikuwa anamtazama, akanifundisha pia. "Akivuta, usivute. Mpe. Huu mti utamvuta kwa niaba yako. Wewe ngojea tu achoke. Ukimwonyesha nguvu, anakuonyesha zake."

Bi Mwanaidi aliwahi kuniuliza nilijifunzia wapi subira, maana katika darasa lake la jioni nilikuwa mkubwa kuliko wote na mgumu kuliko wote, herufi moja nakaa nayo wiki. Nikamwambia nilijifunzia kwa mti wa mkole. Alidhani natania. Siku ya tatu kambare alipouchukua mshipi wangu, ule ufito ulipinda mpaka ncha ikagusa maji, nikadhani umekwisha, lakini sikuvuta. Alikwenda kushoto, nikaenda naye. Alikwenda kulia, nikaenda naye, matope magotini. Jua lilihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Mwishowe alikuja mwenyewe, amechoka kama mtu aliyetembea safari, na Katabaro aliyekuwa juu anamchunga Bihogo akashuka mbio akanisaidia kumtoa, mikono yake imefungwa majani mpaka viwiko. Tulicheka. Alikuwa mrefu kuliko Mama. Katabaro akasema, "Mke wangu mvuvi, mimi mchungaji wa ng'ombe mmoja. Dunia imepinduka." Alisema kwa furaha. Wakati huo nilijua kwamba hatakwenda popote. Nilijua kabisa.

Akamkata yule kambare vipande, akavipanga kwenye kikapu, akaondoka kuvipeleka kwa watu wa migombani. Alirudi jua linaelekea kuzama na kikapu kile kile. Migomba ilikuwa imekatwa mapema, watu wanakula mpaka mizizi, na hakuna aliyekuwa na ndizi ya kutoa kwa kitu chochote. Akaweka kikapu nje, mbali na zizi, akaenda kukamua. Mimi nikakitazama. Nyamwiza alikuwa halii tena, na mama yeyote anayesoma hapa anajua kwamba mtoto asiyelia anatisha kuliko anayelia. Nikawasha moto nje, nikachemsha. Sikujua kupika samaki, sikutia hata chumvi. Nilikula nimepiga magoti, kwa haraka, nikiungua mdomo, na Mama akajikokota akatoka nje akakaa karibu yangu akasema, "Nipe na mimi. Maziwa yangu yaende kwa ndama."

Katabaro alitoka zizini akatukuta. Alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi. Akakinywa yeye mwenyewe, chote, maana hakukuwa na mwingine katika nyumba ile ambaye angeruhusiwa kukinywa. Hakutukana. Ningependa angetukana. Alimpeleka Bihogo na ndama ng'ambo ya bonde, akalala nao huko.

Alfajiri alikuja akasimama nje ya mlango, hakuingia. Akaniita. "Siwezi kumweka hapa," akasema. "Nimebakiwa na huyu tu. Akikauka, mimi ni nani?"

Nikasema, "Ni baba yake Nyamwiza."

Akatazama chini. Kisha akasema, "Sikiliza. Usile tena. Kaa siku nne, uwe safi. Mimi nitakuwa kivukoni, upande wetu, sitavuka. Siku ya nne njoo na mtoto. Mama tutamfuata na machela nikipata watu." Akamgusa Nyamwiza mguuni, kwa ule mkono uliofungwa jani. "Siku nne," akasema tena.

Leo najua kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha samaki na amehalalisha maziwa, na hakuna ng'ombe anayekufa kwa sababu ya kilicho tumboni mwa mtu. Bi Mwanaidi alinieleza, na nimeamini, na nimemfundisha binti yangu. Hata hivyo sijawahi kuweka vyote viwili katika sahani moja, na nikimwona mjukuu wangu anakunywa maziwa baada ya samaki, mkono wangu huwa unataka kwenda kumzuia. Na huwa najiuliza, lau angekuja mtu mmoja tu mwaka ule akatuambia haya. Lakini hakuja mtu, na Katabaro hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili. Alikuwa anakishikilia kitu cha mwisho alichokuwa nacho kwa njia pekee aliyofundishwa.

Siku ya kwanza sikula kitu. Ya pili nilikunywa maji na majani ya kunde. Ya tatu maziwa yangu yalikata. Nyamwiza alivuta, akaachia, akageuza uso ukutani, akalala macho wazi. Niliendelea kukaa. Nilijiambia kesho tu, kesho tutakuwa kivukoni na kutakuwa na maziwa ya Bihogo. Mama alikuwa nje anapekecha moto. Vipande vilivyobaki alikuwa amevikausha kwa moshi. Akaingia na bakuli la mchuzi wa kambare, akaliweka mbele yangu juu ya zile nyasi zake, ndani kabisa ya nyumba, mahali ambapo kitu kile hakikuwahi kuingia.

"Kula," akasema.

"Mama, imebaki siku moja."

"Huyu hana siku moja. Mwanangu ni mwanaume, ataoa, atazaa wengine. Huyu hana mama mwingine." Akaketi. "Mimi ndiye ninayemzuia mwanangu asirudiwe na mkewe. Dhambi hiyo ni yangu. Kula."

Nikala. Nikala bakuli lote, nikalilamba. Miaka yote niliyokaa naye baadaye, mpaka tukahamia huku Bugene, mpaka akasilimu akiwa mzee na kujifunza kusujudu kwa magoti yale mabovu, hatukulizungumza hata siku moja. Wiki ya mwisho ndipo alipozungumza. Alinishika kidole akasema, "Ulikuwa unajua angengoja, siyo?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akasema, "Na mimi nilijua."

Siku ya tano niliondoka alfajiri kwenda kivukoni, Nyamwiza mgongoni. Nilikwenda kumwomba anihesabie upya, siku nne nyingine, hata hapo hapo porini, nikae mbali na ng'ombe, nisubiri. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilifika jua la utosi. Mwenye mtumbwi alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake anakwangua mguu. Nikapiga magoti nikamuuliza.

"Amevuka asubuhi hii," akasema. "Nilimwambia mapema, mto utajaa. Kila nikimwambia anasema bado. Jana kutwa alikuwa anaitazama njia tu, hakuutazama mto."

Akanionyesha alipokuwa akilala, chini ya kichaka, pembeni ya njia. Nilikwenda. Majani yalikuwa yamelazwa mapana mahali alipolala Bihogo, na mavi yalikuwa hayajakauka. Kando yake palikuwa pametandikwa nyasi laini, zilizochaguliwa, zimenyooshwa kama Mama alivyokuwa akitandika, nyasi za watu wawili na kifungu cha nyasi cha kumwegemeza mtoto katikati. Upande mmoja ulikuwa umelaliwa. Upande wa pili nyasi zilikuwa bado zimesimama.

Ng'ambo ya mto sikuona mtu. Nilimfungua Nyamwiza mgongoni, nikakaa upande ule ambao haukuwa umelaliwa, nikampa ziwa. Maziwa yalikuwa mengi, mpaka yakamwagika kwenye nyasi.